Ghala Lililoitwa Nyumbani

Mwaka ulionifanya niwe mtu niliye leo ulinikuta nina miaka hamsini na saba, mvi zimeshatawala kichwa, ninalala nyuma ya pazia katika sebule ya watu huko Brooklyn Center, Minnesota. Wenzangu wakiandika kumbukumbu huandika ujana. Ujana wangu haukuwa na neno: nilimaliza kidato cha nne, nikafanya kazi, siku zikapita. Kama si simu ya Mama Grace, mama wa nyumba ile, mwezi uliopita, ningenyamaza mpaka na mimi nizikwe. Alisema kwa sauti kavu ya mtu aliyekwisha kulia, "Papa Elieza, Deo ametuacha. Tutamuzika samedi. Utakuja?" Hakuuliza nilikuwa wapi miaka yote hiyo, na mimi sikueleza.

Jumamosi hiyo nilikaa safu ya mwisho kanisani, kwenye kiti cha chuma cha kukunja, koti langu mapajani. Grace, ambaye nilimwacha mtoto wa miaka minane anayesikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, sasa alikuwa msichana mrefu wa chuo, na ndiye aliyesoma wasifu wa baba yake. Alisoma kwa Kiingereza, mchungaji akafasiri. Alisema baba yake alikuwa na majonzi mawili. La kwanza ni vita iliyowatoa kwao, upande wa Bukavu. La pili ni kwamba aliipoteza sauti ya mama yake kwa mikono yake mwenyewe, kwa kuzima kompyuta vibaya, na tangu hapo hakugusa kompyuta tena. Kila kitu aliandika kwenye daftari. Watu wakaguna kwa huruma. Kisha mchungaji akauliza, kama ilivyo desturi, iwapo yupo mtu mwenye jambo na marehemu ambalo halikumalizika, ajitokeze kwa familia kabla jeneza halijatoka. Nilitazama viatu vyangu. Theluji iliyoyeyuka ilikuwa imefanya kidimbwi chini ya kila kiti. Jeneza likatoka.

Deo hakuzima kompyuta vibaya. Sauti ya mama yake niliifuta mimi, Jumanne moja asubuhi, nikiwa kazini Eagan, kikombe cha kahawa mkononi.

Nilikuwa mpangaji wao. Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la matofali lenye ngazi zinazonuka vitunguu, vyumba viwili vya kulala na sebule. Deo na mkewe walilala chumba kimoja, mama yake Deo na Grace chumba cha pili, na mimi nilipewa pembe ya sebule. Deo alifunga waya kutoka ukuta hadi ukuta, Mama Grace akatundika pazia la kahawia lenye maua, na hapo pakawa kwangu: godoro, sanduku, taa, na msumari mmoja wa kutundikia koti. Madirisha tuliyafunika kwa plastiki na utepe wa gundi tangu Novemba ili baridi isiingie, na hatukuyafungua hadi Aprili. Sombe, yaani kisamvu, iliyopikwa Jumapili ilinukia mpaka Alhamisi. Asubuhi nilipanda mabasi mawili, zaidi ya saa moja na nusu, kwenda kufungiwa kwingine. Na jioni mabasi mawili kurudi nyuma ya pazia. Nikikumbuka mwaka ule sioni anga. Naona dari.

Mama yake Deo, Mama Nabintu, alikuwa mwanamke mdogo, mkavu, mwenye kilemba kilichomzidi ukubwa, na alinichokoza tangu siku ya kwanza. Kiswahili changu cha Tanzania kilimchekesha. "Huyu anasema kama redio," alimwambia Mama Grace mbele yangu, nami nikiwa na tonge la ugali mkononi. Kuanzia siku hiyo hakuniita Elieza. Aliniita Redio. Nikipitisha chumvi, alisema Redio imetoa habari. Nikikaa kimya, aliuliza kama betri zimeisha. Deo alikuwa akiona haya kwa niaba yangu, maana yeye alinipa jina lingine kabisa. Aliniita papa ingénieur. Kanisa zima likaniita hivyo, na mimi sikumsahihisha mtu.

Sikuwa injinia. Kampuni niliyofanyia kazi ilikodisha kompyuta zisizoshikika. Ukiingia chumba cha mashine uliona makabati meusi kwa safu, upepo baridi mbele yake na upepo moto nyuma, na kelele kama mvua isiyokatika juu ya mabati. Ndani ya kila mashine moja ya chuma ziliishi mashine pepe thelathini au arobaini, kila moja ya mteja wake, kila moja ikidhani iko peke yake duniani. Kila mashine pepe ina diski yake, nayo diski hiyo si kitu cha kushika bali faili tu, na faili hizo huhifadhiwa pamoja mahali ambapo wenyewe waliita bwawa. Mimi moyoni nilipaita ghala, kwa sababu bwawani vitu huchanganyika na ghalani kila gunia lina mwenyewe. Niliajiriwa kufungua maboksi na kubadilisha diski za chuma zilizokufa. Chumba hakikuwa na dirisha. Kadi ya shingoni ilikuingiza, na bila hiyo kadi hukutoka.

Aliyenitoa kwenye maboksi ni Craig, mhandisi wetu, mtu wa huko huko Minnesota, mrefu, mpole hadi inachosha. Akipenda kitu alisema si kibaya. Asipokipenda alisema ni tofauti. Hakuwahi kupandisha sauti. Saa ya chakula alikula viazi vilivyookwa na nyama ya kusaga kutoka bakuli alilopewa na mama yake, na huku akila alinifundisha. Alinionyesha kwamba ghala hulisimamii kwa kubofya picha moja moja kwenye skrini. Unaandika programu fupi inayoongea na mashine. Unaiuliza: una maghala mangapi? Ghala hili lina diski ngapi? Hii ina ukubwa gani? Mashine inajibu. Kisha unaiamuru: tengeneza ghala jipya, ongeza diski, ipanue hii, futa ile. Mistari kumi ya maandishi ilifanya kazi ya watu watatu kutwa nzima. Nilikuwa mzee wa kidato cha nne na niliona milango inafunguka. Kanuni moja aliirudia mpaka nikaiota. Alisema ghala halijiangalii. Lenyewe linakumbuka tu kile lilichokiona mara ya mwisho lilipoambiwa litazame. Kwa hiyo kabla hujaliuliza chochote, liamuru kwanza litazame upya.

Deo alikuwa akifunga mizigo katika bohari moja Maple Grove, na hakuwa na saa za uhakika; Jumapili nyingi walimwita ovataimu. Lakini alikuwa amejipa kazi nyingine. Mama Nabintu hakujua kusoma wala kuandika, na kijiji chao kilikuwa hakipo tena. Kilikuwa kichwani mwake tu. Basi Jumapili baada ya ibada Deo alimketisha mezani, akaweka simu mbele yake ikirekodi, na mama akatembea. Nasema akatembea kwa sababu ndivyo alivyofanya. Alianzia kwenye chemchemi, akapanda njia ya kilima kuelekea kanisani, nyumba kwa nyumba, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, akitaja kila aliyeishi pale kabla ya usiku ule walipochomewa. "Kwa Mugisho. Mugisho, muke wake Furaha, ule wa mguu mubaya. Na batoto." Kisha akataja watoto, mmoja mmoja, na kila jina alilifuatisha kimya cha pumzi moja. Hakulia. Alikosea akarudi, alipandisha sauti akimkanya mbuzi wa mtu ambaye amekufa miaka mingi. Jumapili moja alimaliza nyumba mbili, Jumapili nyingine moja tu. Sauti ile ndiyo kaburi pekee walilokuwa nalo watu wale.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia nimelala chali, na pazia si ukuta. Mama Nabintu alijua hilo. Jumapili moja Deo aliitwa kazini ghafla, Mama Grace amempeleka Grace kwenye kwaya, na simu ikaachwa mezani inarekodi. Nilimsikia Mama Nabintu akikohoa, kisha akasema, "Redio, uko?" Nikajibu nipo, Mama. "Sikiliza basi. Hii nyumba nitasema mara moja tu." Akaisema. Alipomaliza aliniomba maji. Nikampelekea. Alikunywa, akaniambia nirudi nyuma ya rideau yangu, watu wasije wakasema redio imehamia mezani.

Simu ya Deo ikajaa. Alinijia na aibu kama anayeomba kiungo cha mwili, akauliza kama kwetu kazini hakuna nafasi kidogo ya kuweka sauti ya mzazi. Mtu wa kwenu akikuomba hivyo, na kanisa zima linakuita injinia, unajibu nini? Nafasi ya kampuni haikuwa yangu. Nilitakiwa kumuuliza Craig, na najua leo kwamba angekubali. Sikumuuliza, kwa kuwa kuuliza ni kukiri kwamba huna mamlaka. Nilimtengenezea Deo mashine pepe ndogo, aifungue kutoka kompyuta yake ya mezani nyumbani, na diski yake nikaipa jina la mama yake. Sikuthubutu kuomba diski mpya ya chuma. Palikuwa na ghala kuukuu, namba saba, limebaki na wateja wachache. Nikaiandikia mashine ghala jipya, nikaliita Nyumbani, lakini mahali lilipoelekea palikuwa folda ile ile ya namba saba. Kwetu mtoto ana jina la nyumbani na jina la shule, na hakuna anayedhani ni watoto wawili. Kwenye ripoti za Craig zilitoka namba tu, na jina la Kiswahili halikuonekana. Nilijiona mjanja. Nikamwambia Deo, kwa sauti ya injinia, "Futa kwenye simu, mdogo wangu. Huku ni salama kuliko simu." Akafuta.

Mama Nabintu alikufa Februari, kwa mapafu, baada ya siku nne hospitalini. Ardhi ilikuwa ngumu kiasi kwamba tuliambiwa wanaipasha moto kwanza ndipo wachimbe. Alikuwa ameimaliza njia yake. Jumapili ya mwisho alifika mlangoni mwa kanisa la kilimani akasema basi, nimechoka. Deo aliingiza rekodi za mwisho kwenye mashine yake kisha akaizima, eti isichoke bure. Nilicheka. Hakusikiliza hata moja. Alisema hawezi peke yake. Watasikiliza wote siku ya kuondoa matanga, baada ya siku arobaini, na ndugu watakuja kutoka majimbo mengine na kila mmoja ataondoka na nakala. Aliazima spika za kanisa. Mama Grace akaagiza ndakala, dagaa wa kwao. Mambo yote ya nyumba ile yalielekea siku hiyo moja.

Wiki mbili kabla yake, Craig aliniambia diski za chuma za namba saba zimezeeka. Wateja waliobaki wahamishwe, mabaki yafutwe, na diski zing'olewe. Nilihamisha wateja Jumatatu. Jumanne nikaandika programu. Iliamuru namba saba litazame upya, kama nilivyofundishwa, kisha ikaorodhesha kila diski isiyo ya mteja, ikaniuliza kama zifutwe. Orodha ilijaza skrini ikapanda juu. Jina la Mama Nabintu lilikuwa humo. Najua lilikuwa humo kwa sababu programu yangu iliandika kumbukumbu ya kila kitu, na baadaye nililiona, kati ya majina ya majaribio yasiyo na mwenyewe. Asubuhi ile sikulisoma. Miezi mitano ya kuita kitu kimoja majina mawili ilikuwa imenifanya niamini ni vitu viwili. Nikajibu ndiyo. Kahawa ilikuwa bado moto ilipomaliza. Kisha, kwa kuwa si kwamba sikuwa na wasiwasi kabisa, nikaliuliza ghala la Nyumbani: una nini? Likanijibu kwa adabu kwamba lina diski moja, jina lake Nabintu, na ukubwa wake likautaja. Nikaridhika. Sikuliamuru litazame. Lilinisomea kumbukumbu zake, nami nikazichukua kama habari za leo.

Jumamosi asubuhi Deo aliniita mezani. Mashine inakataa kuamka, alisema, na alikuwa bado anatabasamu, kwa maana papa ingénieur yupo. Nilitazama ujumbe uliokuwa kwenye skrini: diski haipo. Nikamwambia angoje hadi Jumatatu. Siku mbili zile nilikula nao, nikamsikia akimweleza mtu wa Texas kwa simu njia ya kufika, nikamsikia Mama Grace akihesabu sahani.

Jumatatu niliamuru ghala la Nyumbani litazame. Lilikuwa tupu. Lakini si hapo nilipopotea, na ndicho kinachofanya niandike. Diski za chuma za namba saba zilikuwa zimeng'olewa, zimo kwenye boksi la plastiki la kijivu karibu na mlango, zikingoja gari la kuzipeleka kusagwa Jumatano. Faili iliyofutwa haiondoki siku hiyo hiyo. Craig alikuwa amewahi kumrudishia mteja vitabu vya hesabu vya duka lake lote kutoka diski kama zile, akakaa nazo wiki nzima kwa subira yake ile, akila viazi. Nilichotakiwa kusema ni sentensi moja. Siku mbili nilipita mbele ya boksi lile, nikiingia kwa kadi na kutoka kwa kadi. Nilipanga maneno. Ingebidi nieleze ghala la Kiswahili, na kanisa, na jinsi mtu wa maboksi alivyojigawia nafasi ya kampuni. Huenda ningefukuzwa. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na kwa muda mrefu nilipenda kuamini nilinyamaza kwa ajili ya mkate. Lakini Craig hakuwa mtu wa kufukuza. Nilichoogopa ni uso wake utakaposema, taratibu, kwamba jambo hili ni tofauti.

Jumatano asubuhi alisimama juu ya boksi na karatasi ya kutia sahihi. Akaniuliza, "Kuna kitu chochote humu tunachokihitaji?"

"Hakuna," nikasema.

Nikalibeba boksi mwenyewe hadi kwenye gari.

Jioni nilimkuta Deo amevaa sare ya kazi, amenisubiri makusudi, amechelewa. Nilikuwa nimepanga kusema kweli. Ndani ya basi la pili nilikuwa nimeipanga hadi mwisho. Ila yeye ndiye aliyeanza. "Papa, niambie. Ni ju ya vile niliizima?" Aliuliza kama mgonjwa anayemtajia daktari ugonjwa wake. Sasa, ni kweli kwamba mashine ikiwa inafanya kazi, diski yake iliyofutwa mara nyingi huweza kuokolewa, kwa kuwa mashine bado inaishikilia. Uongo wangu ulikuwa na punje hiyo ya ukweli ndani yake, ndiyo sababu ulimea. Nikasema, "Inawezekana iliumia ulipoizima." Alikaa chini na buti zake. Aliitazama mikono yake. Mama Grace alitoka jikoni, akaangalia mmoja, akaangalia mwingine.

Siku ya kuondoa matanga watu walijaa hadi kwenye ngazi. Spika za kanisa zilikuwa pembeni, hazikuunganishwa. Deo alisimama mbele ya pazia langu, mahali pekee palipokuwa na nafasi, akawaambia ndugu waliosafiri siku mbili kwa gari kwamba hakuna kitakachosikika. "Ni mimi njo nilizima machine mubaya," alisema. "Papa ingénieur alijaribu, ikashindikana. Mulaumu mimi." Mzee mmoja, kaka wa marehemu, alifunika uso kwa kofia. Mwingine alikuja akanishika mkono kunishukuru kwa kujaribu. Nilikuwa na sahani ya ndakala na nikaendelea kula, kwa sababu sikujua mikono ifanye nini nyingine. Mgongoni kwangu palikuwa na ukuta, mbele watu, na mlango ulikuwa mbali.

Baada ya hapo Deo alianza daftari. Kila Jumapili, mahali pale pale mezani, aliandika njia ya mama yake kadiri alivyokumbuka, na alipokwama alimwuliza Mama Grace, akapiga simu Texas. Jumapili moja alisogeza pazia kidogo, kitu ambacho hakuwahi kufanya bila kubisha waya. "Papa," akasema, "wewe ulikuwa hapa siku zote. Rideau haizibi masikio. Hukusikia kitu?" Nilikuwa nimesikia chemchemi hadi mlango wa kanisa. Nilikuwa nayo yote, au karibu yote, na siku ile ilikuwa bado mbichi. Lakini nilijua nikikaa naye mezani tutazungumza saa nzima, na Jumapili nyingine tena, na mazungumzo yatarudi penye mashine, na mimi si hodari wa kusema uongo mara nyingi. "Nilikuwa nalala," nikamwambia. "Nilivaa visikilizio masikioni." Akarudisha pazia taratibu, akaomba radhi kwa kunisumbua.

Desemba nilihamia Eagan, chumba cha peke yangu karibu na kazi. Chumba kilikuwa na dirisha, nami nikaliwekea plastiki. Craig alinipandisha cheo mwaka uliofuata. Niliandika programu nyingi, na kila moja ilitazama kabla ya kufuta, ikatazama tena baada ya kufuta, hata vijana wakanitania kwa uoga wangu. Sikurudi kanisani kwao. Simu za Deo za Krismasi nilizijibu kwa ujumbe wa maandishi, kisha nazo zikakoma.

Wiki moja baada ya mazishi nilipanda gari hadi Brooklyn Center. Ni nyumba ile ile. Ngazi zile zile. Mama Grace alikuwa jikoni anakaanga vitunguu, Grace mezani na kompyuta yake ya mkononi. Waya wa pazia ulikuwa bado umefungwa ukutani, hauna kitu. Nilisema nimesimama, koti mwilini, na nilisema yote: jina la Nyumbani, Jumanne, orodha nisiyoisoma, boksi la kijivu, sentensi niliyomwambia Deo akiwa na buti zake. Mama Grace alizima jiko. Grace alimwambia mama yake jambo kwa Kiingereza, harakaharaka, nikasikia tu kwamba anahesabu miaka.

"Hata hospitali alikuwa anajilaumu," Mama Grace akasema. Hakunitazama. "Daktari anamwuliza wapi inauma, yeye anamwelezea ile machine."

Nikasema najua hakuna msamaha unaonistahili. Akasema ya msamaha tutaongea siku ingine, kama Mungu akitupa hiyo siku. Kisha akaenda chumbani, akarudi na daftari lenye jalada jekundu, pembe zimelika, akaliweka mezani na kulifungua katikati. Mwandiko wa Deo ulikuwa mkubwa, wa kubonyeza. Nyumba ya kwanza hadi ya tano zilijaa majina. Ukurasa wa nyumba ya sita ulikuwa mtupu, isipokuwa mstari mmoja juu: siku hii nilikuwa kazini. Baada ya hapo nyumba nyingine, na ukurasa mwingine mtupu, na mwingine.

"Ulimwambia hukusikia kitu," akasema. "Ile nayo ilikuwa uongo?"

"Nayo ilikuwa uongo."

Alivuta kiti kwa mguu. "Toa koti, Papa. Kaa."

Nikakaa mahali alipokuwa akikaa Mama Nabintu, uso kuelekea pembe ambayo zamani ilikuwa yangu. Grace alikuwa ameweka simu yake mbele yangu, taa nyekundu inawaka. Mama Grace akashika kalamu. Akasema nianzie kwenye chemchemi kama mama mwenyewe, yeye atanifuata kwa kidole. Nikaanza. Sauti yangu ilitoka ya redio, ya mbali, haikufaa kitu. Nikafumba macho nikaendelea hivyo hivyo. Kwa Mugisho. Kwa mjane wa Bisimwa. Nyumba ya tatu nilikosea, akanirudisha. Ya nne na ya tano kidole chake hakikusimama. Kisha nikasikia ukurasa unageuka, na baada ya hapo hakukuwa na wa kunisahihisha.

"Mkono wa kushoto, kwa Byamungu, fundi wa viatu," nikasema. "Mke wake Nsimire, yule wa kucheka."

Kalamu ikaandika. Ikasimama.

"Na batoto?" akauliza.

Nikawataja.